Alimshika Kidevu Mnadani

Mjukuu wangu Zaina,

Huku Korogwe hatujambo. Mama yako amepona mguu, na mahindi ya shamba la Kwaluguru yameshaingia ndani. Umeniuliza wewe na wenzako mfanye nini mkitembelea ule mji mdogo wa wafugaji huko Hawaii. Swali lako limenipandisha hasira ya zamani, ya mnada wa ng'ombe Handeni, nilipokuwa msichana nauza chai.

Siku hiyo rafiki yangu Nasieku, Mmasai, alikuwa amemkumbatia ng'ombe aliyemlea tangu ndama. Ng'ombe ameshauzwa, naye analia. Likaja gari la wageni. Mwanamume mmoja akashuka na kamera, hakusalimia mtu, akamshika Nasieku kidevu na kumgeuzia uso juani. Ndivyo wanunuzi wanavyomshika ng'ombe wakimwangalia meno!

Niliupiga ule mkono. "Mwache! Huyu hauzwi!"

Wenzake wakacheka. Kile kicheko mpaka leo kinaniudhi. Ila mama mmoja kati yao hakucheka. Alivua kofia, akamwamkia Nasieku "shikamoo" kana kwamba ni bibi yake, akakaa naye vumbini mpaka ng'ombe akaswagwa. Wenzake walipiga honi weee, hakuinuka.

Nasieku alimchukua yule mama hadi kwao, akampa maziwa, akamwambia jina la yule ng'ombe na jinsi alivyomlisha kwa mkono mwaka wa ukame. Waliokuwa wakipiga honi hawakuambiwa.

Nendeni salama, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Masuguru, Korogwe