Chaki Niliyoifuta Kwenye Diski Tatu

Baba Mdogo,

Nimekukosea, na sina wa kumwambia ila wewe. Siku ya kuondoa matanga yako tulisafisha nyumba yote, na mimi, kwa mapenzi yangu ya kijinga, nikaenda kusafisha hata kompyuta yako ya ofisi ya watoto waliopotea. Nikachomoa zile diski tatu ulizoziunganisha kwa programu ya Linux zikawa ghala moja, nikazipangusa kwa kitambaa chenye maji. Vumbi likatoka. Namba za mfuatano ulizoziandika kwa chaki yako ya ushonaji zikatoka nalo.

Sikujua nilichofanya mpaka jana asubuhi. Mama mmoja alishuka kwa miguu kutoka milimani, Bugeshi, kumtafuta binti yake, Furaha. Picha za watoto zimo humo tu. Zile za karatasi ziliharibiwa na mvua. Nikamkalisha kwenye benchi lako, nikarudisha diski kwa kubahatisha, nikawasha. Kompyuta ikakataa, kisha ikauliza kama ijikarabati yenyewe. Mungu wangu! Nikakumbuka onyo lako: mfuatano ukikosewa, ikiandika chochote tu, picha zimekwenda. Nikachomoa waya ukutani.

Nikajaribu tena kwa mfuatano mwingine, safari hii kwa kusoma tu. Majina yakatokea, la Furaha likiwemo, lakini nyuso zilikatika, paji bila macho. Yule mama akainuka kwenye benchi, akaja kutazama. Nilikukasirikia, Baba Mdogo. Fundi gani anaandika jambo kubwa hivyo kwa chaki?

Ndipo nikakukumbuka na pini zako mdomoni: "Mugongo kwanza, we binti. Mbele inafuata. Mikono mwisho." Ulivyokata koti ndivyo ulivyonifundisha diski, kubwa ikitangulia, ndogo ikimaliza. Mimi ndogo nilikuwa nimeiweka katikati. Nikaihamisha.

Uso ukafunguka mzima. Yule mama akagusa kioo. "Ni yeye. Iko na kovu ya moto." Chini ya picha ulikuwa umeandika mtaa wa Goma na jina la anayemlea. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshavuka mpaka pale Petite Barrière kuingia Goma, hata chai hakumaliza.

Nimelia sana, sikufichi.

Leo nimefunga kila diski uzi wa rangi yake, na mfuatano nimeuandika kwa wino ukutani. Nakuahidi nitapata diski nyingine za kuwekea nakala, kabla sijajishonea nguo mpya. Pumzika sasa, Baba Mdogo. Benchi lako lina watu tangu asubuhi.

Binti yako,
Mwamini