Nilimuuliza Mama Mkwe Kabla Hajazinduka

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie, na kama utanicheka basi nicheke kwanza halafu unisaidie, maana nakuandikia nikiwa nimekalia furushi la shuka safi kwenye stoo ya wodi, saa yangu ya chai, na chai ikiisha kabla ya barua nitarudi kazini na hili jambo likiwa bado limenikaa kooni.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye chumba cha kuzindukia. Mgonjwa akishapasuliwa analetwa kwetu juu ya kitanda cha magurudumu akiwa bado hajitambui, nasi tunakaa naye hadi dawa ya usingizi imtoke, tunampima presha, tunamfunika, tunamshikia beseni akitapika, na akianza kufumbua macho tunamuuliza maswali matatu, unaitwa nani, uko wapi, leo ni siku gani, na akiyajibu yote sawasawa tunaandika kwenye karatasi yake kwamba amezinduka. Watu wakiwa katika hali ile husema mengi, mshauri. Nimeshaposwa mara nne, mmoja wao alikuwa hakimu, na kuna mzee mzima aliyenililia kuhusu mbuzi wake wa utotoni mpaka na mimi nikaanza kumkumbuka yule mbuzi. Sheria yetu ni moja, yanayosemwa pale yanabaki pale, na mwenyewe akiamka hatumchekei machoni.

Sasa nyumbani naishi na mume wangu pamoja na mama yake, aliyehamia kwetu miaka minne iliyopita baada ya baba mkwe kufariki. Alikuwa fundi cherehani, ameshona sare za shule miaka thelathini, ana nguvu zake na ana ulimi wake. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni, kwa hiyo huyu alipoingia na sanduku lake nilifurahi kuliko hata mwanawe, nikasema nimepata tena mama wa kumtunza, na kumtunza nikamtunza kwelikweli. Cherehani yake niliagiza ipandishwe juu ya kabati isije ikamuumiza mgongo, sufuria sikumruhusu kugusa, ndoo ndiyo kabisa, na nikirudi kazini kitu cha kwanza namuuliza, haya mama, tumekunywa maji leo, tumepata choo, naye ananijibu kwa sauti kavu, "Mimi nimepata. Wewe sijui." Siku moja nilimuuliza hivyo mbele ya jirani aliyekuja kumsalimia, akanyanyuka akaenda zake chumbani hakutoka mpaka jirani alipochoka akaondoka, na mimi nikadhani ni tumbo, nikamfuata na maji ya uvuguvugu.

Na kuna jambo la mfuko. Mfuko wa kifuani wa sare yangu ya kazi umechanika siku nyingi, naubana kwa plasta ya vidonda kwa sababu muda wa kushona sina, na kila asubuhi nikitoka mlangoni mama anautazama ule mfuko, anautazama tu, nami nikahitimisha kwamba huyu mama hanipendi, ananiona mchafu, anamsikitikia mwanawe.

Mwezi uliopita akashikwa na maumivu makali ubavuni, kupimwa ikaonekana ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, akapangiwa upasuaji hapa hapa kwetu. Utaratibu unakataza mtu kumhudumia ndugu yake, unatakiwa umwambie sista kiongozi akupe kitanda kingine, lakini mimi sikumwambia, niliona hakuna mgeni atakayemfunika mama vizuri, basi nikavaa kofia na barakoa nikajisogeza karibu na kitanda kama vile simjui.

Akaanza kufumbua macho. Nikamuuliza jina, akanitajia lake na la baba yake. Nikamuuliza uko wapi, akasema, "Hospitali, nimetolewa mawe." Nikamuuliza leo siku gani, akasema Jumatano, nikamwambia hapana mama, leo ni Alhamisi, maana nilikuwa nimebadilishiwa zamu na siku zimenichanganyikia, akasema, "Ni Jumatano. Kalenda iko nyuma yako." Nikageuka, na kweli ilikuwa Jumatano. Hapo ndipo shetani aliponiingia, mshauri, sijui niseme nini kingine, kwa sababu nilipaswa kuandika na kuondoka, badala yake nikainama nikamuuliza swali la nne ambalo haliko kwenye karatasi yoyote.

Nikasema, "Na mkamwana wako je, anakutunza vizuri?" Halafu nikanyamaza, nikasubiri.

Alifumba macho, nikadhani ameshalala, kisha akasema taratibu, "Yule ana moyo mzuri kuliko mwanangu niliyemzaa. Lakini kwake mimi ni mgonjwa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kidonda kikipona naenda kwa binti yangu. Nyumba yake chafu, kelele nyingi, lakini kule nitasugua sufuria mwenyewe. Usimwambie, ataumia." Baada ya hapo akasema, "Na kesho uniletee kile kitambaa changu cha kijani, siyo chekundu," akalala. Hapo nikajua ni dawa tu inayosema, maana muuguzi wa hospitali atapata wapi kitambaa cha mtu kilichoko nyumbani kwake. Kesho yake nilimpelekea cha kijani, akakipokea akajifunga, hakusema kitu.

Sasa amerudi nyumbani wiki ya pili. Mimi kwa hofu ya kumpoteza nimezidisha huduma, nimebandika karatasi kwenye mlango wa friji, safu ya maji, safu ya choo, safu ya joto la mwili, na naijaza asubuhi na jioni kwa kalamu mbili. Naye kila siku namkuta anakunja nguo moja mbili anaziweka kwenye sanduku. Mume wangu anasema mama anapanga kabati, wanaume ni watu wa kufurahisha. Wifi amesema atakuja na gari mwisho wa mwezi "kumsalimia mama", na gari hilo lina buti kubwa.

Nikinyamaza ataondoka, na mimi sitaki aondoke, nampenda, nyumba bila kikohozi chake cha asubuhi siiwezi. Nikimwambia najua, atauliza nimejuaje, na itabidi nikiri kwamba nilimhoji akiwa hajitambui na sheria ya wodi nimeivunja kwa mdomo wangu. Nifanyeje? Chai imeisha.

Ni mimi, wa stoo ya shuka.

*

Mwanangu wa stoo ya shuka,

Nimekucheka, ulinipa ruhusa. Nilicheka hadi kwenye kalenda, kisha nikafika kwenye kitambaa cha kijani nikavua miwani. Sasa nimeivaa tena, keti vizuri nikuseme.

Ulikosea mara mbili na wala usijifiche nyuma ya shetani, kwani siku hiyo hakuwa zamu. Kosa la kwanza ni kumficha sista kiongozi kwamba yule ni mama mkwe wako. Utaratibu ule haukuwekwa kuwanyima watu upendo, umewekwa kwa sababu mtu mwenye hofu huona Alhamisi siku ya Jumatano, na wewe mwenyewe umetuonyesha. Kesho kabla hujavaa glavu nenda kwake, mweleze ulimhudumia ndugu yako na ulimuuliza mambo ya nyumbani. Alichojibu mgonjwa usimweleze, hicho si chako kukitembeza, na hata mimi ulivyoniandikia nimekisoma nikiona haya. Utafokewa. Fokewa, halafu rudi kazini. Kosa la pili ni lile swali lenyewe. Mtu akiwa ametoka kupasuliwa, hata shuka hawezi kujivutia, hapekuliwi moyo na anayempima presha. Usirudie kwa mtu yeyote, hata akikuposa.

Hilo tumelimaliza. Sasa nikuulize, maana kazi yako unaijua kuliko mimi. Umesema mgonjwa akijibu maswali yote matatu, mnaandika nini?

Mnaandika amezinduka. Mama alitaja jina lake na la baba yake, akajua alipo na alichotolewa, akajua siku kuliko wewe, akajua na kalenda ilipo. Kwa sheria ya wodi yako mwenyewe yule mama alikuwa macho, mwanangu, na kalamu ulikuwa nayo mkononi. Aliyekuwa hajazinduka pale ni wewe. Barakoa inaficha mdomo, haifichi sauti ambayo imemwambia "haya mama" asubuhi na jioni kwa miaka minne. Na kitambaa cha kijani hakuwa anamwagiza muuguzi wa hospitali. Alikuwa anamwagiza mtu anayejua droo. Ukakileta, akajifunga, akakaa kimya akisubiri uanzishe mazungumzo, na wewe ukaenda kubandika karatasi kwenye friji.

Unajiuliza kwa nini alisubiri mpaka atobolewe tumbo ndipo aseme. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipompa nafasi, sijapaona. Katika miaka minne, swali lile ndilo la kwanza ulilomuuliza lisilohusu choo wala maji, tena ukanyamaza ukasubiri jibu. Akaona pengine nafasi haitarudi, akaitumia. Alisema "usimwambie" ili akupe nawe nafasi ya kujifanya hukusikia kama utashindwa kubeba. Huo ni uungwana mkubwa kwa mtu aliyetoka kushonwa dakika ishirini zilizopita, na wewe unasema hakupendi.

Nakuelewa, na sisemi hivi nikicheka. Mama yako wa kwanza hukupata muda wa kumtunza, ukamwekea huyu wa pili matunzo ya wawili. Lakini yeye ni mzima. Amesimama na mkasi miaka thelathini, amevisha shule nzima nzima, halafu amekuja kwako hana sufuria, hana ndoo, hana cherehani, ana kikombe cha maji ya uvuguvugu tu na mtu anayemuuliza amekitumiaje. Hata mimi ningekunja nguo.

Basi fanya hivi. Leo ukifika nyumbani bandua ile karatasi, tena yeye akiwa anakuona. Dalili za hatari zikitokea, homa, kidonda kutoa maji, maumivu ya kuzidi, atakwambia mwenyewe, mdomo anao na tumeuona unavyofanya kazi. Mwambie mumeo, huyo anayedhani mama anapanga kabati, aishushe cherehani na kuiweka karibu na dirisha. Aishushe yeye, mama asinyanyue kitu kizito mpaka daktari amruhusu, na hilo ndilo katazo pekee ninalokuachia. Kuosha kikombe hakumfungui mtu nyuzi. Muache aoshe.

Kisha vua sare, kaa naye chini, na useme ukweli wote: nilikuwa mimi, nilikuuliza, sikupaswa, nimekusikia, nisamehe. Usimpambie. Sidhani kama atashangaa, ila mwache ashangae akitaka, ameshafanya kazi kubwa ya kujifanya hakukutambua. Mwambie na hilo la kikohozi cha asubuhi, maana umeniambia mimi nisiyemfahamu na yeye hujamwambia.

Huenda bado ataondoka. Sikuahidi kitu. Huenda amechoka, huenda amemkumbuka binti yake pamoja na uchafu wake, na akitaka kwenda msaidie kubeba sanduku hadi kwenye hilo buti kubwa, umtembelee kila upatapo mapumziko, na usimtumie wifi yako ile karatasi ya friji. Akibaki, abaki kwa kuwa pana kazi yake pale nyumbani na pana mtu wa kuzungumza naye.

Na kama hujui uanzie wapi, anzia kwenye mfuko. Mtu aliyeshona sare miaka thelathini anaona mkamwana wake anatoka kila asubuhi na plasta kifuani, cherehani iko juu ya kabati na yeye amekatazwa kuigusa. Hakuwa anakudharau. Mkono ulikuwa unamuwasha. Mpe sare aushone mfuko, kaa pembeni umshikie taa, na swali lile la nne muulize tena, safari hii uso ukiwa wazi. Ukishauliza, nyamaza usubiri, na ukimshika mkono usihesabu mapigo.