Milango ya Baba, Dirisha la Mama

Jumatatu, 4 Mei 1964
Nimefagia tena unga wa mchwa chini ya mlango wa chumba cha mama. Kila asubuhi ni uleule. Dirisha la jikoni halifungiki kabisa, upepo wa ziwa unaligonga tangu alfajiri. Daniel, mume wangu, anataka tung'oe milango ya ndani na madirisha yote, tuagize ya chuma na vioo kutoka Bujumbura, ng'ambo ya ziwa. Sitaki. Baba aliichonga mwenyewe milango hii, na madirisha, kwa mbao za mvule. Nilikuwa mdogo, nikisinzia juu ya maranda yake. Yalinukia vizuri. Alikufa mwaka ule wa uhuru.

Jumatano, 6 Mei
Amekuja seremala Zakaria, aliyejifunza kazi kwa baba. Amechoma msumari kila fremu kupima uozo. Mbao bado ngumu, zimeoza chini tu. Atakata palipooza, ataunga mbao mpya. Nimefurahi hadi nikampikia ndagala, dagaa wa ziwani, na bugali. Daniel amekubali shingo upande.

Jioni nimemweleza mama. Nilidhani atafurahi.

"Weye unalilia mbao," amesema. "Minye nilikaa mu giza. Baba yako aliogopa wezi, akafanya madirisha kama ya gereza. Nataka kioo, nione ziwa."

Imeniuma sana.

Jumamosi, 9 Mei
Zakaria ameng'oa yote isipokuwa mlango wa mbele. Milango imelala uani, imepigwa randa nusu. Nyumba iko uchi. Mwanga umeingia kwa mama, na amekaa kitandani akitazama nje hadi chakula kikapoa. Nina hasira naye. Nina aibu ya hasira hiyo.

Sokoni wanasema waasi wamefika uwanda wa Ruzizi. Wengine wanasema ni uongo.

Jumanne, 12 Mei
Si uongo. Rebeka, binti wa shangazi yangu, amefika kwa miguu kutoka Luberizi, huko uwandani, na watoto wake, na mimba kubwa. Mumewe amebaki na ng'ombe. Hatuna vitanda. Tumelaza milango ya baba juu ya matofali, wamelala hapo. Zakaria hajaonekana.

Ijumaa, 15 Mei
Bunduki tangu asubuhi. Mlango wa mbele peke yake ndio uliobaki mahali pake. Daniel amesimamisha milango kwenye matundu ya madirisha, akaegemeza kabati na meza. Ukabaki mmoja sakafuni. Katikati ya hayo Rebeka akashikwa na uchungu.

Mama ndiye aliyeamuru tuzibe hata nyufa kwa vitambaa. Amemzalisha mwenyewe, gizani, kwa kupapasa, juu ya mlango ule uliobaki. Mtoto wa kike. Alipolia tulimwomba Mungu amnyamazishe. Watu walipita barabarani wakiimba. Hawakuingia. 

Jumatatu, 18 Mei
Kimya. Bendera ya waasi kwenye ofisi ya serikali. Hakuna mashua ya kwenda Bujumbura, kwa hiyo hakuna vioo. Nimesikitika kwa ajili ya mama. Sikutarajia.

Zakaria amerudi, mzima. Alikuwa amejificha mlimani. Nimemwomba apanue dirisha la mama, alishushe hadi usawa wa kitanda, na mbao za zamani azigawe ziwe vipande vya kukunja, dirisha lifunguke lote.

"Kazi ya mzee, dada? Niikate?"

"Kata."

Nimetoka uani. Sikuweza kusikiliza msumeno.

Jumapili, 31 Mei
Milango yote imesimama. Miunganisho ni myeupe, itakolea na moshi. Ule wa chumba cha mama sasa unafungwa bila kuinuliwa. Mume wa Rebeka hatuna habari zake.

Baada ya ibada nimemkuta mama dirishani, mtoto mapajani, mbao zote zimekunjwa. Ziwa limetulia, milima ya ng'ambo iko wazi. Nimekaa kando yake. Nimemwuliza aliishije kabla ya kuolewa. Ameanza na jina la kijiji chao, polepole, na sijamkatiza.