Kengele ya Mzunguko wa Mwisho

Nyumbani,
Chumba cha kushonea,
Jumatatu asubuhi, tarehe 15 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu tele za dada yako, ambaye mdomo wake ni mzima kabisa na mguu wake unafuata polepole. Hujambo? Kile kikohozi kilichokuwa kinakukata maneno kwenye simu kimekuacha? Na wifi yangu hajambo, au zamu za alfajiri bado zinamnyima usingizi? Sisi huku wazima. Shemeji yako anazidi kunenepa, ila yeye anasema nguo ndizo zinazosinyaa.

Najua unataka habari za mguu. Tangu nilipojikwaa kwenye waya wa pasi nikavunjika paja, nimekuwa mtu wa kitini. Wanaosema mwenda pole hajikwai hawajaniona mimi. Daktari anasema mfupa umeunga, kilichobaki ni mimi kuutumia. Mama anayenifanyisha mazoezi naye kasema jambo moja tu: niinuke mwenyewe, bila kuvutwa na mtu.

Kumbe wenzangu walikuwa wameshakata shauri jikoni, wakisahau kwamba masikio yangu hayakuvunjika. Cherehani yangu apewe yule binti niliyemfundisha kazi, na chumba hiki cha kushonea kiwe chumba changu cha kulala, nisisumbuke na ngazi. "Umeshona vya kutosha, mama, sasa pumzika," shemeji yako akaniambia. Alisema kwa upendo, najua. Lakini niliumia, mdogo wangu. Kumpumzisha mtu asiyeomba kupumzika ni kumfukuza kazi kwa maneno matamu.

Basi wiki hiyo ndiyo mashindano ya dunia ya riadha yakaanza, nami unanijua. Mimi niliyeshika mkia hata kwenye mbio za magunia shuleni, nikikaa mbele ya televisheni nawakosoa mabingwa wa dunia jinsi wanavyokata kona. Na sheria ya marehemu baba hujaisahau: kengele ya mzunguko wa mwisho ikigonga, nyumba nzima inasimama, na aliyekaa hana kauli. Hana ruhusa ya kusema neno juu ya mbio zile. Baba alikuwa akisema wale wamekimbia mpaka wanatapika, sisi tunashindwaje hata kuinuka kwenye kochi?

Nikamwita shemeji yako. Nikamwambia, "Jumapili mchana kuna mita elfu kumi za wanawake. Kengele ikigonga nikasimama mwenyewe, cherehani haitoki humu ndani." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Na usiposimama?"

"Ibebeni."

Nikajifunga kibwebwe. Tangazo la sabuni likianza kwenye televisheni, nasukuma. Likija la rangi za nyumba, nasukuma tena. Nilirudi kitini kwa kishindo mara nyingi hivi kwamba binti yangu aliniwekea mto wa pili, na jirani akaja kuuliza kama tunahamisha makabati.

Jumapili ikafika. Wakimbiaji wakazunguka na kuzunguka, mimi jasho linanitoka kuliko wao. Kengele ikagonga, wote wakasimama. Nikasukuma. Mguu ukagoma. Mtangazaji anapiga kelele, walio mbele wanachomoka, na mimi niko katikati, sijakaa wala sijasimama. Mshindi akavuka mstari, mikono yangu ikalegea, nikadondoka kitini.

Shemeji yako naye akakaa, akashika rimoti. "Basi, mama, umejitahidi."

"Usizime," nikamwambia.

Maana uwanjani alikuwa amebaki dada mmoja, namba yake ya kifuani imebanduka upande mmoja, wenzake wameshajifunika bendera. Yeye ndiyo kwanza anaanza mzunguko wake wa mwisho, na hakuna aliyempigia kengele. Nikachukua kijiko, nikakigonga kwenye kikombe cha chai, nikampigia mimi. Kisha nikapiga moyo konde, nikasukuma.

Alipomaliza kona ya kwanza makalio yangu yalikuwa yameachana na kiti. Kona ya mwisho magoti yakanyooka. Alipofika mstarini nilikuwa nimesimama wima, mikono hewani, bila gongo na bila mtu. Nililia, sikufichi. Binti yangu aliyekuwa bado amesimama alilia pia.

Shemeji yako akakohoa. "Lakini jamani, kengele si ilishagonga?"

Binti yangu akamgeukia. "Baba, wewe umekaa. Aliyekaa hana kauli."

Leo baada ya chai ameingia humu chumbani. Ameniwekea suruali yake juu ya cherehani, eti niipanue kiuno, maana imesinyaa.

Sasa nije kwako. Uliniambia siku hizi unaangalia mbio peke yako, umelala kitandani, kwa sababu huko hakuna wa kusimama naye. Sitaki kusikia hayo tena. Mimi mwenye paja lenye vyuma nimesimama, wewe mwenye miguu miwili mizima una udhuru gani? Fainali ya kupokezana vijiti ni Jumapili ijayo. Kengele ikigonga, inuka hapo ulipo, nami nitakuwa nimeinuka hapa, na tutakuwa tumesimama pamoja.

Binti yangu anakusalimu sana, na shemeji yako pia, akiwa amevaa kikoi akisubiri suruali. Nisalimie wifi, umwambie gauni aliloniagiza nitalishona mimi kwa mkono wangu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, na akupe watu wa kusimama nawe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
niliyekaa kwenye kiti cha cherehani, na nitakayeinuka mwenyewe kwenda kuiposti barua hii.