Rangi Juu ya Mafuta ya Papa

Bwana wangu Athmani,

Leo nimevuka kwenda Mokowe kuliona gari lako, na nimerudi nina usingizi wa miezi minne machoni. Nakuandikia wewe, lakini barua naiacha wazi, anayetaka aisome. Waliokusema walikusema barazani, hawakuniona haya, nami sioni sababu ya kunong'ona.

Unajua kwamba mimi na lile gari hatukuwa marafiki. Ulipolinunua nilikuuliza, mtu wa kisiwani Amu na gari wapi na wapi, mji ambao punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni lazima mmoja arudi nyuma? Ukasema litakaa ng'ambo, likupeleke vijiji vya Hindi na Witu kutafuta mbao za milango yako ya kuchonga. Siku ya kwanza tulikwenda nalo shambani Hindi, nami nikacheka njia nzima kwa vile ulivyokuwa ukiusalimia kila mti kwa honi. Nilifurahi sana siku ile. Sidhani kama nilikwambia.

Kisha ukaanza mambo yako ya sifa. Wewe ni mtoto wa fundi wa vyombo, umekua ukipaka majahazi sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayozuia maji yasiingie kwenye mbao, basi ukaamini hakuna kinachoishinda sifa duniani. Chumvi ya Mokowe inakula bati, ukasema, na kila ulipoliacha gari kwa wiki kadhaa ulilipaka sifa kwa kitambaa, kuanzia boneti mpaka nyuma. Jua likaipika, mchanga ukagandia. Rangi nyeupe ikawa ya manjano kama meno ya mla tambuu. Na ile harufu, Athmani! Siku ya harusi ya binti wa dada yako nilishuka gatini Mokowe nimejifukiza udi, nina vikuba vya asumini kifuani, ukanifungulia mlango wa gari, nami nikarudi nyuma mbele ya watu wote.

"Gari hii yanuka papa," nilikwambia. "Mimi siingii humu. Si leo, si kesho."

"Ni sifa tu, Bi Zena. Ikikauka hainuki."

"Basi ikikauka niite."

Nikapanda pikipiki mpaka harusini, wewe ukanifuata nyuma na viti vitupu. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Tangu siku ile sikulipanda tena, mwaka na zaidi, na kila ulipoligusia nilishika pua.

Wiki tatu kabla hujatutoka ulirudi kutoka Mokowe una rangi ya buluu kwenye kucha.

"Nimeitia gari rangi," ukasema. "Lakini usende kuitazama. Ngoja nikupeke mwenyewe."

"Kwa nini nisende?"

"Ngoja tu."

Nilikuwa nakuna nazi, sikuuliza zaidi. Kisha moyo wako ukasimama kule kiwandani kwako, patasi mkononi, nami nikaingia eda.

Nilikuwa wiki ya pili ndani ya nyumba, nguo nyeupe, sitoki hata mlangoni, alipokuja Bi Maimuna jirani kuniliwaza. Alikunywa kahawa, akakohoa, akajivuta karibu.

"Nakwambia kwa kuwa nakupenda," akasema. "Kuna mtu aligongwa ndia ya Hindi, na aliyemgonga hakusimama. Na watu wasema, gari ya mumeo ilikuwa nyeupe, mara imekuwa ya buluu."

"Watu gani?"

"Watu, Bi Zena. Si mimi."

Nilimjibu kwamba mume wangu hawezi kumwacha mtu njiani. Alipotoka tu, yakanijia maneno yako. Usende kuitazama. Ngoja tu. Nilikaa nayo mpaka miezi minne na siku kumi ya eda ikatimia, na gari liko pale ng'ambo, upande wa pili wa maji, na mimi siruhusiwi kuvuka. Unajua nilichokuwa nakiogopa. Si aibu ya mjini, aibu ningeivaa. Tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja hukaa shingoni mwa mtu mpaka mwenyewe aachilie. Wewe umo kaburini, na mimi sijui hata jina la huyo wa kwenda kumpigia magoti.

Eda ikaisha juzi. Leo asubuhi nikavuka.

Nilimkuta Njoroge, yule wa Mpeketoni mwenye ndevu za mvi, anayeosha na kung'arisha magari karibu na gati. Nikampa ufunguo, nikamwambia alisugue gari, aling'arishe, na chochote atakachokiona chini ya rangi aniambie, hata kikiwa kibaya. Akamwaga maji, akalizunguka mara mbili, akashika kiuno.

"Mama, hii rangi ilipigwa na nani?"

Athmani, nilikuwa sijaliona vizuri. Maskini wewe! Rangi imejikunja vishimo vishimo, imekikimbia kile kilicho chini yake, mfano wa maji kwenye sahani ya samli. Mlangoni imechuruzika mpaka chini ikakauka hivyo hivyo. Mpira wa dirisha ni wa buluu. Kijiti cha kupangusia kioo ni cha buluu. Njoroge alikwaruza kidogo juu ya paa kwa ukucha, rangi ikabanduka ganda zima, akanusa kidole.

"Hii ni nini? Samaki?"

"Papa," nikasema.

Akacheka mpaka akaegemea gari. "Alipiga rangi juu ya mafuta! Hapa nikiweka mashine ya polishi, inatoka yote, nakurudishia bati."

Mimi sikucheka. Nikamuuliza hapo hapo, maana nikingoja ningeshindwa. "Fundi, gari hii iligonga mtu?"

Akanitazama, akaacha kucheka. Alikwenda bandani akarudi na sumaku ya redio kuukuu, ameifunga kitambaa isikwaruze, akanieleza kwamba gari likibonyea mafundi huziba kwa fila, ule udongo wa kusawazishia bati, na sumaku haishiki fila, hushika bati. Akaanza mbele. Akaiweka juu ya boneti, ikashika. Akasogeza shubiri moja, ikashika. Akaenda hivyo boneti nzima, bawa la juu ya gurudumu la kulia, bawa la kushoto, nami nyuma yake nikisoma kila nilichokihifadhi, na mengine nikiyachanganya. Kisha akafungua boneti akanionyesha boliti zinazoshika mabawa, bado zina rangi nyeupe ya kiwandani, hazijaguswa na spana. Akanionyesha taa, zote mbili kuukuu, zimefifia sawasawa.

"Mama, hii gari haijagonga hata kuku," akasema. "Mbele yote ni ile ilitoka nayo kiwandani. Huyu mzee hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anajaribu kufunika harufu."

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga uliolowa, na buibui langu la kutokea eda. Nililia na kucheka kwa pamoja, sikujali nani ananitazama. Kitu kizito kiliniteremka kutoka mabegani, hata nikahisi njaa, na njaa nilikuwa nimeisahau tangu ulipoondoka.

Nilimwambia asiiweke mashine. Alioshe kwa sabuni, alipake nta kwa mkono, polepole, rangi ibaki na vishimo vyake. Akasema litaendelea kuwa baya. Nikamwambia ni baya la mume wangu. Alipokuwa akisugua milango nikafungua upande wa abiria nipumzike, ndipo nikakiona kiti. Cha dereva ni kile kile, sponji imetoka nje, umekifunga kamba. Changu umekishonesha upya, kitambaa chekundu, mto wa mgongo, na nailoni yake hukuitoa, isije ikachafuka kabla sijakaa.

Nimekaa, Athmani. Nailoni nimeitoa mimi mwenyewe.

Bi Maimuna nitamwalika kesho twende naye Hindi, Njoroge atuendeshe, yeye akae nyuma. Huyo aliyegongwa, Mola amponye na ampatie haki yake kwa mwenye nayo.

Lakini kuna jambo ambalo lazima nikuombe radhi. Miezi minne hii nimekuombea dua kila sala, na kila dua niliitia neno moja: kama. Ya Rabbi, kama alimgonga, msamehe. Kama alimwacha njiani, usimchukulie. Nilikuombea kama mke amwombeavyo mume asiyemjua. Leo alasiri, nimetandika mswala wangu pembeni mwa gari likiwa bado linadondoka maji, nimeomba dua fupi. Nimesema: Ya Rabbi, mrehemu Athmani.

Basi, nimemaliza. Pumzika, nami niache nilale.

Mkeo,
Zena