Jumatatu Sirudi

Chome, Alhamisi

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Huku mvua imeshika, na maharage ya mama yametoa maua. Unapata karatasi kwa sababu simu nimeizima.

Nimepima malaria mara tatu, haionekani. Safari hii nesi Koleta hakunitoboa kidole. Aliniuliza tu, "Dada, unalala?" Nikalia mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakachungulia. Nywele zinakatika, na nikiona ujumbe wa msimamizi wangu wa uzamivu moyo unadunda. Koleta anasema huo ni msongo wa mawazo. Sijarogwa, kaka, kwa hiyo yale maombi uliyoniandalia yaahirishe.

Miaka yote hii naandika juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kwamba lisipofungwa usiku halijai, na mashamba ya chini hayapati kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa wazi usiku na mchana. Sasa nimefunga.

Jumatatu sirudi chuoni. Msimamizi nimeshamwarifu, akanuna. Anune. Tasnifu nitaimaliza, lakini siyo kwa kufa.

Najua umeshawatangazia kanisani kwamba mdogo wako ni daktari. Wakikuuliza yuko wapi, usione haya. Waambie daktari amelala.

Mdogo wako asiyeumwa malaria,
Nakijwa