Fomu Aliyoichana Baba

Temeke,
Dar es Salaam.
16 Februari 1958

Mpendwa mdogo wangu Kasiani,

Salamu nyingi. U mzima? Mkeo Felicitas na watoto je, baridi ya Mbeya haiwatesi? Sie huku wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo imechafuka, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Umesikia habari za kuandikisha wapiga kura. Nyumbani tuko watu wazima wanne, mwenye sifa za kupiga kura ni baba peke yake, kwa cheti chake cha darasa la nane. Mimi karani wa uandikishaji alinitazama akasema, "La sita halitoshi, mama." Mimi ninayewasomea barua mtaa mzima!

Babu alitawaliwa na jumbe asiyemchagua. Baba naye, miaka yote ya ukarani, alisema siasa si kazi yetu. Safari hii akavaa koti, akaniambia tufuatane akajiandikishe. Nilifurahi kama naenda harusini.

Tulipofika, karani akamweleza kwamba kila mpiga kura lazima achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Akiacha mmoja, karatasi yake nzima ya kura imeharibika.

"Kwa nini nilazimishwe kumchagua nisiyemtaka?" baba akauliza.

Ndiyo sheria, akajibiwa. Baba akaichana fomu ya kujiandikisha mbele ya watu, akatoka. Vijana wakampigia makofi.

Sheria hiyo ni dharau tupu, sikatai. Sisi Waafrika, wengi namna hii, tunapimwa sawa na wachache! Lakini makofi hayahesabiwi. Njiani nikamwambia, "Baba, umechana kura ya nyumba nzima."

"Ilikuwa yangu."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Ulinitoa shule ili Kasiani asome, nikanyamaza. Ningekuwa na yangu leo, nisingeililia yako."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo maishani.

Sasa, baba alikwisha kusema mwanangu Demetria akimaliza darasa la nne inatosha. Jana asubuhi akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa masista kuuliza nafasi ya la tano. Aliporudi akasema, "Atasoma mpaka la nane." Basi. Hakuniomba radhi, nami sikudai.

Wewe cheti unacho, Kasiani, na unajua kilipotoka. Kajiandikishe. Chagua wote watatu, hata mkono ukikataa.

Msalimie sana Felicitas, na mjomba Anselmo ukimwona. Mungu awafunike nyote.

Wako akupendaye, ingawa leo nina hasira,
dada yako Auleria